Msizipeleke Mizani Kompyuta Zilizofanya Kazi Hapa

Jumamosi iliyopita, nikitoka soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza kuelekea Mabatini, nilisimama kwenye yadi ya chuma chakavu kwa sababu niliona rangi ninayoijua. Ni ile rangi ya samli ambayo plastiki ya kompyuta za zamani huigeukia baada ya kukaa miaka mingi karibu na dirisha. Kijana mmoja alikuwa ameshaivunja monita ya chogo na kutoa shaba yake, na sasa alikuwa analipasua kasha kwa nyundo ili atenganishe bati na nyaya. Usoni mwa kasha hilo palikuwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa gundi ya karatasi, kimeandikwa kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika vizuri: "Usizime kabla ya kutoka kwenye programu." Nyundo ilipotua mara ya tatu, karatasi ile ilichanika katikati.

Simlaumu kijana. Yeye analipwa kwa kilo, ana watu nyumbani wanaomsubiri, na hakuna aliyemwambia kuwa kitu kile kinaweza kuwa na thamani nyingine zaidi ya uzito wake. Ninaowalaumu ni wale walioitoa stoo, wakaipakia kwenye mkokoteni pamoja na makabati yaliyooza, bila hata mmoja wao kuuliza ndani mna nini. Ofisi yenyewe sitaitaja. Nilinunua mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, na hadi diski, kile kifaa kinachotunza mafaili, kwa bei ya chuma, nikafika nazo nyumbani Kirumba, na usiku ule nikathibitisha nilichokuwa nimekihofia: nyundo ilikuwa imeipata hadi diski, sahani zake zimepinda, na chochote kilichoandikwa humo kwa miaka yote hiyo kimekwisha.

Nimekuwa nikikusanya kompyuta za zamani kwa muda mrefu, na wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba kile chumba changu cha nyuma hakina tena nafasi ya kitanda. Baadhi yenu mmekuwa mkinishauri nikusanye fedha niagize Commodore 64 au Apple II, zile kompyuta za nyumbani za zamani, kutoka nje, ili mkusanyo wangu uwe "mkusanyo kamili". Nawashukuru kwa nia njema, lakini leo nataka niseme wazi kwa nini sitafanya hivyo, na kwa nini nadhani sisi wa huku tunapaswa kuwa na kipimo chetu wenyewe cha kuamua ni mashine ipi inastahili kuokolewa.

Apple II ilitoka mwaka 1977, na Commodore 64 pamoja na ZX Spectrum zikafuata mwaka 1982. Ni mashine za heshima. Mtoto wa Uingereza aliyezaliwa miaka ya sabini anapoiona Spectrum anaukumbuka utoto wake, na ana haki ya kuipenda. Lakini nchini kwetu, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na hata marufuku hiyo ilipokuja kulegezwa, mashine zilizofika hazikuja kama vitu vya kuchezea sebuleni. Kompyuta iliyoingia Mwanza iliingia ofisini. Ilikuwa yenye prosesa (chipu kuu) ya 286, 386 au 486, imebeba mfumo endeshi wa MS-DOS, nayo ikawekwa chini ya kitambaa cha kufumwa katika ofisi za misheni, vyama vya ushirika na viwanda vya minofu ya sangara, na kwenye vile vyumba vya kuchapa barua na kutoa fotokopi ambako tulipanga foleni kuandikiwa maombi ya kazi. Hiyo ndiyo historia yetu. Anayenunua Commodore 64 kwa ajili ya rafu yake Mwanza anahifadhi utoto wa mtu mwingine, huku barua za mama yake mwenyewe zikipondwa Mabatini.

Niwaeleze ninachomaanisha kwa mashine moja tu. Miaka miwili iliyopita nilipewa kompyuta ya 386 iliyokuwa kwenye stoo ya chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho kilikwisha kufungwa siku nyingi. Aliyekuwa mweka hazina alinikabidhi kwa sharti moja, kwamba nisitoe jina la mwanachama yeyote, na sharti hilo nimelishika na nitaendelea kulishika. Nilipoifungua nilikuta ugonjwa ule ule unaoziua karibu zote za rika lake. Mazabodi za wakati huo nyingi zilichomelewa betri ndogo yenye umbo la pipa, ya nikeli na kadimiamu, ambayo kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya mashine inapokuwa imezimwa. Betri hiyo ikishazeeka huvuja, na majimaji yake hutambaa juu ya bodi yakiacha ukoko wa kijani na buluu unaokula njia za shaba, na unyevu wa ziwa letu hauwi na huruma na kitu kama hicho. Nilikata betri, nikasugua kwa mswaki uliochovywa kwenye siki, kwa sababu majimaji yale ni alkali na siki huyatuliza, kisha nikasafisha kwa spiriti na kuiacha ikauke siku mbili. Njia tatu za shaba zilikuwa zimekatika kabisa. Nilizikuta kwa kupima moja baada ya nyingine chini ya lenzi, nikaziunga kwa nyaya nyembamba kama unywele.

Ilipowaka, ilihesabu kumbukumbu yake taratibu hadi mwisho, ikasimama. Haikujua tena kuwa ina hadi diski, maana betri ilipokufa ilikufa na mipangilio yote. Tarehe ilisema ni Januari 1, 1980. Bahati njema lebo ya hadi diski ilikuwa bado inasomeka, na vipimo ambavyo mashine inavihitaji ili iitambue vilikuwepo: silinda 977, vichwa 5, sekta 17. Ukizidisha namba hizo, na kila sekta ikiwa na baiti 512, unapata kama megabaiti 42, yaani pungufu ya video moja fupi mnayotumiana asubuhi. Niliingiza namba zile, nikawasha upya, na baada ya mlio wa kukwaruza kidogo uliotaka kunitoa roho, majina ya mafaili yakaanza kupanda kwenye kioo.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. MS-DOS haikuruhusu jina la faili kuzidi herufi nane, ukiacha zile tatu za baada ya nukta. Sheria hiyo ilirithiwa kutoka CP/M, mfumo ulioundwa na Gary Kildall huko Marekani katika miaka ya sabini, na kwa Kiingereza pengine haikuwa tabu kubwa sana, kwa sababu maneno yao mengi ni mafupi. Kiswahili kinalifungua neno kwa viambishi, na hadi ufike kwenye mzizi umeshatumia nusu ya herufi zako. Kwa hiyo nilikuta MISHAHAR, na WANACHAM, na MAHUDHUR, maneno yaliyokatwa mkia. Nilikuta MICHANGO, ambalo lina herufi nane kamili na limekaa pale kama lilitengenezewa kiti chake. Na nilikuta faili mbili ambazo sikuzielewa: moja iliitwa WALIOLIP, na nyingine iliitwa LIPWAO.

Nilitazama orodha ile kwa muda mrefu. Mafaili yalikuwa ya kati ya mwaka 1994 na 1997. Mtu fulani, katika chumba fulani cha mji huu, alikaa mbele ya mashine iliyotengenezwa na watu ambao hawakuwahi kuifikiria lugha yake, iliyokuwa inamwonyesha kuwa karibu kila neno lake limekosewa kila alipoiomba ikague tahajia, na akaikunja lugha yake ikaingia humo, kazi ikaenda. Ilichukua hadi mwaka 2004 ndipo mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, tukapata programu ya ofisi inayosema nasi kwa Kiswahili. Wale wa kabla ya hapo walifanya peke yao, kwa akili zao, na ushahidi wa akili hizo umebaki ndani ya hadi diski zinazouzwa kwa kilo. Hakuna jumba la makumbusho ya kompyuta la California wala la Bletchley, Uingereza, litakaloutafuta kwa niaba yetu.

Mtaniambia kuwa siku hizi kuna programu za kuiga kompyuta za zamani, na mtu anaweza kuendesha MS-DOS ndani ya simu. Ni kweli, na mimi mwenyewe ninazitumia. Lakini programu hiyo haiwezi kuiga hadi diski ambayo hakuna aliyeinakili. Mtaniambia pia kuwa hakuna nafasi, na hilo nalikubali kwa shingo upande, kwa kuwa ofisi haiwezi kugeuzwa ghala. Basi tunzeni hadi diski na flopi peke yake, zinaenea kwenye boksi moja la viatu. Kuhusu fedha sina mengi. Najua kuwa mwaka 2014 Apple-1 moja, kompyuta ya kwanza kabisa ya kampuni ya Apple, iliuzwa kwenye mnada kwa dola 905,000, na kila habari kama hiyo ikitoka napigiwa simu na watu wanaodhani 486 yao itawajengea nyumba Capri Point. Haitawajengea.

Kuna jambo moja zaidi kwa vijana wa yadi, nalisema kwa uzito wote. Monita ya chogo inaweza kufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000, na sehemu ya umeme huo inaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kioo chake kina madini ya risasi. Msikivunje kwa nyundo mkiwa mmekiinamia, na msiwaache watoto wacheze na vipande vyake.

Watu wa mji huu hatuna sababu ya kufundishwa na mtu kutoka mbali jinsi ya kuheshimu kitu kilichotumika. Makoroboi imepata jina lake kwa mafundi wanaogeuza makopo kuwa taa. Pale Bujora, Kisesa, Makumbusho ya Wasukuma yametunza ngoma na viti vya watemi, na ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba ngoma haikuachwa iwe ya kutazamwa tu: Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, ikifika, watu wanapiga na kucheza. Mimi nataka hicho hicho kwa kompyuta. Iliyowekwa juu ya kabati na kufutwa vumbi haijahifadhiwa. Iwake, isome diski yake, na aliyeitumia apate nafasi ya kukaa mbele yake tena akiwa bado yuko hai wa kutueleza.

Hili la mwisho ndilo linaloniharakisha. Chini ya barua za chama kile, upande wa kushoto, palikuwa na herufi za kwanza za jina la aliyechapa, kama makatibu muhtasi walivyofundishwa. Niliulizia kwa miezi kadhaa, hadi mtu akanielekeza kwa mama mmoja mstaafu anayeishi Nyakato. Nilimfuata, nikamweleza, na Jumapili moja mchana akaja na mjukuu wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umeifufua."

Alikaa kwenye kiti, akavaa miwani, akaitazama kibodi bila kuigusa. Kisha akauliza, "Kile kikaratasi cha juu ya zile F kiko wapi?" Alikuwa anaulizia ule ukanda wa plastiki uliokuja na WordPerfect, programu ya kuandikia barua, unaowekwa juu ya vitufe vya F1 hadi F12 ili mtu akumbuke kila kimoja kinafanya nini. Nilimwambia sikuukuta. Akasema si kitu, na vidole vyake vikaanza kwenda vyenyewe: F10 kuhifadhi, F7 kutoka, Shift na F7 kuchapa. Hakukosea hata kimoja.

Nilimwonyesha zile faili mbili, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Hiyo WALIOLIP ni waliolipa, wanachama walioleta marejesho. Halafu kulikuwa na waliolipwa, waliochukua mikopo. Hesabu herufi, utaona." Nilihesabu. Ukikata WALIOLIPA kwenye herufi ya nane unapata WALIOLIP, na ukikata WALIOLIPWA unapata WALIOLIP vilevile. Kwa mashine ile, aliyelipa na aliyelipwa walikuwa mtu mmoja. "Siku ya kwanza nilihifadhi orodha moja juu ya nyingine," alisema. "Iliniuliza kwa Kiingereza kama nabadilisha, nikajibu ndiyo kwa haraka. Nilikaa hadi usiku naandika upya kutoka kwenye daftari. Tangu siku hiyo nikaiita LIPWAO, na hakuna aliyeniuliza kwa nini, hadi wewe."

Aliomba aandike barua fupi kwa mjukuu wake, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti akishangaa kioo cheusi chenye maandishi meupe. Aliandika mistari mitano, akabonyeza F10, akaanza kuandika jina: B, A, R, U, A, M, J, U. Hapo kidole kikasimama chenyewe, akabonyeza Enter.