Ofisi Kumi, Zote Nairobi

Jumanne usiku nimemaliza wali na samaki wa kupaka, nimejinyoosha barazani natafuta upepo wa Malindi ambao siku hizi nao una masharti, simu ikalia. Mwana wa dada yangu. Yuko mwaka wa tatu wa sheria huko Nairobi. "Shikamoo mama mdogo. Natafuta atachimenti ya likizo ndefu, ofisi ya kujifunzia kazi. Nipangie hizi, nianze kupeleka barua wapi?" Chini yake orodha: ofisi kumi za mawakili, moja hadi kumi, zote Nairobi, nyingi Upper Hill na Westlands.

Nikamuuliza swali moja tu. Nambari saba wanafanya kazi gani?

Akajibu: "Ni kubwa sana, mama mdogo."

Nikakaa kitako. Nambari saba wanajulikana kwa kodi na mikopo ya mabenki, na binti huyu somo la kodi alilivuka kwa dua za mamake. Sasa anataka kukaa miezi miwili na watu wanaolala na kuamka na kodi, kwa sababu jengo lao lina vioo.

Simlaumu yeye peke yake. Orodha ameipata kwenye kundi la darasa, darasa limeipata kwa waliotangulia, nao waliotangulia waliinakili kwenye vitabu vya Chambers na Legal 500 vinavyopanga ofisi za mawakili kwa madaraja. Vitabu hivyo vina kazi yake. Vimeandikwa kwa ajili ya mteja: benki ya London inataka kukopesha kampuni ya Kenya, haimjui mtu hapa, inafungua ukurasa inaona nani wa kupigiwa simu. Mwanafunzi hamo. Hakuna safu inayosema ofisi hii huwasomea wanafunzi walichoandika, na ile huwatuma chapati. Lakini watoto wetu wanaisoma orodha ile kama matokeo ya mtihani, na kila mmoja anataka kuwa karibu na nambari moja hata kama ni karibu na mlango wake wa nyuma.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nilipita mle mle. Likizo yangu ya kwanza nilipata ofisi kubwa Nairobi, jina silitaji. Nyumbani Lamu mama aligawa kaimati mtaa mzima. Wiki nane nilipiga kurasa nambari. Faili za kesi zilikuja zimefungwa kamba, mimi nazifungua, napiga nambari, natoa kopi, nazifunga tena. Ile mashine ya kopi niliijua tabia zake zote, inapokwama na inapodanganya. Mawakili niliwajua kwa viatu. Msimamizi wangu hakuwahi kulishika jina langu, aliniita "Lamu". "Lamu, leta zile bando." Siku ya kuondoka nikapewa barua ya sifa: ni mtu wa bidii, mtiifu, anabeba majukumu bila kulalamika. Punda wa pale Mkunguni kwetu Lamu angepewa barua ile ile, herufi kwa herufi.

Mwaka uliofuata nikakosa Nairobi kabisa. Nikaja Malindi kwa aibu, kwa wakili mzee mwenye chumba kimoja na nusu juu ya duka la vyombo, karani mmoja, feni moja inayozunguka ikijisikia. Siku ya kwanza sikupewa hata kiti. "Chukua daftari, binti, twende." Tukapanda gari hadi upande wa Magarini, kwenye shamba ambalo Mahakama ya Ardhi na Mazingira ilikuwa imeamua kulitembelea. Jaji kavua koti, karani wa mahakama kabeba faili kichwani kujikinga jua, wanakijiji wamejipanga chini ya mwembe.

Mwaka ulikuwa 2013. Mwenye hati alikuwa amesema kwa kiapo kwamba shamba lilikuwa msitu mtupu hadi 2003, alipoleta vibarua kulisafisha na kupanda minazi, na kwamba hawa wanaojiita wenyeji ni vibarua wale wale waliokataa kuondoka. Wazee upande wetu wakasema wao wameingia mvua za El Nino, na wameipanda minazi kwa mikono yao. Mnaoijua sheria mmeshaona ugomvi uko wapi. Mtu akikaa kwenye ardhi ya mwenzake waziwazi, bila ruhusa, miaka 12 mfululizo, anaweza kuiomba mahakama imtangaze mwenyewe. El Nino ni 1997, ukihesabu, imepita. Ukianza 2003, haijafika. Na kibarua aliyeletwa na mwenye shamba ameingia kwa ruhusa, hana lake.

Mawakili wawili wanabishana kuhusu mipaka na mawe ya sarveya. Mimi nimesimama nyuma na daftari, naangalia juu. Minazi ile ilikuwa mirefu, kimo cha nyumba ya ghorofa na zaidi, imekatwa vidato vya mgema vya kupandia tangu chini hadi kileleni, na vile vya chini vimeanza kuziba kwa uzee. Bibi yangu alikuwa na shamba la minazi Matondoni. Nimekulia chini ya minazi. Mnazi wetu mrefu huchukua miaka sita, saba kuanza kuzaa, na wa miaka kumi unaupandia ngazi ya nyumbani, humwiti mgema akakate vidato ishirini. Ile haikuwa minazi ya 2003 hata kwa uchawi.

Nikamvuta mzee wangu shati. Nikamnong'oneza. Akaniangalia kama mtu aliyesikia paka anazungumza, kisha akamgeukia shahidi wa upande wa pili, akauliza kwa upole kabisa: "Bwana, mnazi huu, kwa macho yako, una umri gani?"

Kimya kile bado nakisikia.

Hukumu ilitoka mimi nishahitimu, niko Karen kwenye shule ya sheria nahangaika na masomo yale tisa. Nikaisoma usiku kwenye Kenya Law, ile tovuti ya hukumu za mahakama. Aya mbili nzima zilikuwa za minazi. Jina langu halimo, wala sikulitarajia. Lakini usiku ule ndipo nilipojua mimi ni wakili, na somo la kuhawilisha ardhi, kuihamisha kutoka kwa mwenyewe mmoja hadi mwingine, lililokuwa likiwatoa wenzangu jasho, mimi nilikuwa nalisoma huku naona shamba la watu.

Hebu mniambie, maarifa yale ya minazi yangenifaa nini ghorofa ya kumi na ngapi sijui huko Upper Hill? Kule ningekuwa mtoto wa pwani anayeshangaa lifti. Huku nilikuwa mtu pekee pale shambani, miongoni mwa waliobeba makaratasi, aliyejua kusoma ushahidi uliokuwa umesimama wima mbele yetu. Watoto wetu wanafundishwa kuiona pwani yao kama upungufu wa kuficha kwenye usaili. Wanalainisha lafudhi. Wanaandika kwamba wamekulia "mazingira magumu". Magumu gani, na mtu anaongea Kiamu na Kigiriama, anajua mirathi inavyogawanywa kabla hajafika chuo, na anaelewa bila kuelezwa kwamba nyumba inaweza kuwa yako na kiwanja kikawa cha mtu mwingine? Hiyo nyumba bila ardhi, mwanafunzi wa bara humchukua mwezi kuamini kwamba ipo.

Na mambo ya ardhi ya ukanda huu hayakuanza na Waitaliano wanaonunua majumba ufukweni, kama wanavyodhani wanaokuja na ndege Ijumaa. Yalianza na sheria ya hati za ardhi ya 1908: mkoloni akasema mwenye dai ajitokeze apewe cheti, asiyejitokeza ardhi yake ni ya serikali. Wenye makaratasi wakajitokeza. Wamijikenda wengi wakaachwa nje, na wajukuu zao ndio tunaowaita maskwota leo kwenye mashamba ya babu zao. Sheria ile ilifutwa 2012, majeraha hayakufutwa nayo. Mwanafunzi anayetaka kuiona sheria ya ardhi ikiwa hai, ikivuja damu, aje akae nyuma mahakamani Malindi asubuhi moja tu. Kiingilio bure.

Sizungumzii ardhi peke yake. Rufaa ya kesi ya kadhi hapa inasikizwa na jaji wa Mahakama Kuu akiwa na Kadhi Mkuu au makadhi wawili pembeni. Nendeni mkaone elimu mbili zikikaa meza moja. Na kesi kubwa za mazingira nchini si zilitoka Lamu? Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa walivyoathiriwa na bandari mpya ya Lamu, ya mradi wa LAPSSET. Juni 2019 baraza la mazingira likafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi kama ya wavuvi husimama pale wavuvi wanapoweza kueleza wanavua wapi, msimu gani, na nyavu gani. Lazima mtu akae nao aandike. Mtu huyo anaweza kuwa mwanafunzi.

Basi mniachie nimpe binti yangu ushauri ambao hakuniomba. Tupa orodha. Ingia Kenya Law, ni bure, tafuta hukumu za mahakama unayoitaka na jambo unalolipenda, iwe ardhi, iwe mirathi, iwe kazi na waajiri. Soma kumi. Mwisho wa hukumu utakuta mara nyingi mawakili waliofika. Jina likijirudia mara tatu, nne, na jaji anataja hoja zake hata anapozikataa, huyo ana kazi na anaifanya mwenyewe. Umpelekee barua ukitaja kesi yake moja uliyoisoma na jambo moja usilokubaliana nalo, kwa adabu. Naapa hakuna wakili Malindi anayepata barua ya namna hiyo zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mimi napata "Dear Sir/Madam", na jana nimepata moja inayosifu "tawi letu la Kigali".

Ukiitwa usaili, usikae kama mshtakiwa. Uliza nani atasoma nitakachoandika. Uliza mwanafunzi wa mwaka jana alikwenda mahakamani mara ngapi, na kama unaweza kupata simu yake. Wakijikuna kichwa, kunywa soda yao uage. Na kabla ya hapo angalia kwenye tovuti ya chama cha mawakili kama ana cheti cha mwaka huu, maana wapo wasio nacho, tena wenye suti nzuri. Siku ya uanagenzi ikifika, ule muda wa kujifunzia kwa wakili kabla ya kuapishwa, utahitaji mtu mwenye miaka mitano ya uwakili, kwa hiyo anza kumtafuta sasa, usingoje kugombania viti na darasa zima.

Haya, nikubali yangu, maana najua mtakuja juu. Ofisi kubwa za Nairobi zina nidhamu ambayo nyingi zetu hatuna. Faili halipotei. Mtu anafundishwa kuandika barua ikasomeka. Anayetaka kweli kazi ya makampuni, mikopo, hisa, aende, tena aende mbio. Hayo hapa hayapo, kutakuwa na kuuziana hoteli tu. Na jina kubwa kwenye wasifu humfungulia mtu milango hadi Uingereza, siwezi kusema uongo. Wapo pia waliobahatika kupata msimamizi mzuri ghorofani. Nimekutana na wawili.

Hili la mwisho ndilo linaloniuma. Yote haya nilimwandikia binti Jumanne ile ile, ujumbe mrefu kama khutba ya Ijumaa, minazi na 1908 ndani. Alama mbili zikawa buluu. Dakika tano. Kumi. Kisha:

"Nimeelewa mama mdogo. Ile nambari tatu wanalipa elfu ishirini kwa mwezi. Wewe mwaka jana yule mvulana wa Mpeketoni ulimlipa ngapi?"

Mvulana yule nilimpa chai. Chai na mandazi, na siku za mahakama nauli ya tuktuk. Alikuwa akikaa kwa jamaa zake Barani, akija kwa miguu, na shati lake lilikuwa limelowa kila asubuhi, nikawa namwambia mwanasheria hatoki jasho. Alinifanyia utafiti wa kesi mbili ambazo nililipwa. Nilikuwa nimejiridhisha kwamba nampa elimu, kama mzee wangu alivyonipa mimi, lakini mzee wangu, sasa nakumbuka, kila Ijumaa alinikunjia noti ndani ya gazeti akasema kamnunulie mama yako samaki.

Nimemwandikia binti kwamba ofisi yangu kuanzia likizo hii inalipa mia tano kwa siku, na chakula cha mchana. Kisha nimetafuta nambari ya yule mvulana. Simu haikushikwa. Nitapiga tena baada ya Magharibi.