Tunapenda kukata utepe kuliko kuziba bati

Mvua ya Tukuyu mnaijua. Ikishika bati, mwalimu hana la kufanya ila kuweka chaki mezani na kungoja. Mwezi wa nne mwaka jana nilikuwa nyumbani, nikapita kusalimia shule yangu ya msingi chini ya Mlima Rungwe, ikanikuta nimesimama mlangoni mwa darasa la nne. Watoto wakakunja mikono. Kisha wale wa dawati la tatu, upande wa dirishani, wakainuka wakaenda kubanana na wenzao. Hakuna aliyewaambia. Wanajua maji yanapodondokea. Mwaka 1988 dawati la pale lilikuwa langu, na sisi tulikuwa tunahama vilevile.

Huku Uingereza kazi yangu ni kutunza majengo ya shule ya serikali. Nafungua geti saa kumi na mbili asubuhi, nakagua mitambo ya kupasha joto, najaribu king'ora cha moto mara moja kwa wiki, na yale mabomba yasiyotumika nayafungulia maji yasije yakalala yakaota vijidudu. Kila nilichofanya nakiandika na kutia saini. Liko na faili la asbesto, zile nyuzi za zamani za ujenzi zinazodhuru mapafu, linaloonyesha ilipo, ukuta kwa ukuta, na fundi hatoboi tundu la msumari kabla hajalisoma. Mwanzoni nilidhani ni mbwembwe za Wazungu. Nyumbani niliwahi kumwona fundi anapanda darini na kandambili.

Lakini msinielewe vibaya, huku nako wameoza. Tarehe 31 Agosti 2023, siku chache kabla shule hazijafunguliwa, serikali iliamuru zaidi ya shule 100 za England zifunge majengo yao au sehemu zake. Sababu ni aina ya zege jepesi lililojaa vipovu vya hewa, walilolipenda tangu miaka ya 1950 kwa kuwa ni rahisi na halina uzito. Likizeeka na kunyonya maji linaweza kuanguka bila kutoa hata ufa wa kukuonya. Mwaka 2018 sehemu ya paa la shule moja ya msingi huko Kent ilianguka, na bahati ya Mungu ilikuwa wikiendi. Mwaka huohuo wa 2023, mwezi wa sita, mkaguzi wa hesabu za taifa alikuwa ameshasema wanafunzi wapatao 700,000 wanasoma kwenye shule zinazohitaji kujengwa upya au kukarabatiwa kwa kiasi kikubwa. Mpango mkubwa wa kuzijenga upya sekondari ulikuwepo, serikali mpya ikaufuta Julai 2010 kubana matumizi. Nchi tajiri, na bado.

Walichonacho wao ni orodha. Wakaguzi wamepita shule kwa shule, wakaandika hali ya paa, umeme, madirisha, na fungu la ukarabati la kila mwaka linatolewa kwa kutazama mambo hayo. Halitoshi, tunalalamika kila siku, ila mtu akiuliza paa lipi lianze, jibu lipo kwenye karatasi.

Sasa turudi nyumbani. Lile darasa la nne lilijengwa baada ya Azimio la Musoma la 1974, watoto wote walipotakiwa kuwa shuleni ifikapo 1977. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliofyatua tofali na kuzichoma. Kina mama walibeba maji na mchanga, kenchi zikatoka kwenye mikaratusi ya kijiji. Hakukuwa na mhandisi, na kuta zimesimama hadi leo katika wilaya ambayo ardhi haiachi kutikisika. Wazee wale nawavulia kofia.

Baadaye ikaja MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, vikaongezwa vyumba. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 darasa la kwanza likafurika, vikaongezwa tena. Mwaka 2021 zikaja fedha za UVIKO, mkopo wa trilioni 1.3 kutoka IMF, na humo vikajengwa vyumba 15,000 nchi nzima kwa shilingi milioni 20 kila kimoja. Vingi ni vizuri, nimeviona kwa macho, vina vigae na madirisha ya aluminiamu. Ila kila wimbi lilipokuja lilipita pembeni ya lile lililotangulia. Shuleni kwetu majengo yamepangana kama marika: la wazee, la wajomba, la vijana. La wazee linavuja, la wajomba limeanza, na la vijana lina gata iliyokwisha kuachia upande mmoja, misimu michache tu ya masika.

Hela ya kuiziba itoke wapi? Ruzuku ya uendeshaji kwa mtoto wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, 4,000 zinabaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 zinafika shuleni. Shule ya watoto 600 inapata milioni 3.6, ikifika yote na kwa wakati. Hapo kuna chaki, karatasi, mitihani, michezo, halafu ndiyo ukarabati. Mwalimu mkuu alinifungulia daftari lake bila aibu. "Kaka, mimi nanunua chaki kwanza," akasema. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Mtasema shule kongwe za sekondari zimekarabatiwa. Ndiyo, na kazi ilionekana. Ila shule kongwe zina wahitimu mawaziri na majaji wa kuzipigia simu. Shule ya msingi ya kijijini ina sisi.

Na sisi ndio tatizo. Kundi letu la waliosoma pale tuko themanini na kitu, Dar, Mbeya mjini, Afrika Kusini, huku, na mmoja yuko Oman. Tumechanga vizuri. Wengi wanataka chumba kipya chenye kibao cha majina yetu, mgeni rasmi diwani, ndaga nyingi, yaani asante za Kinyakyusa, na picha. Mimi nikasema tupaue upya jengo la wazee: kenchi za mbao zilizopigwa dawa ya mchwa, bati la geji 28 (si la 32, lile la 32 ni karatasi), gata na tangi la maji. Nikaitwa mtu wa Ulaya asiyejua hali. Dada yangu anayefundisha Rungwe akanijibu kwa upole kwamba darasa lake lina watoto mia na kumi, kwa hiyo vyumba vipya vinahitajika. Ni kweli, sina ubishi. Ila jengo la wazee lina vyumba vitatu, na likianguka tutakuwa tumejenga kimoja na kupoteza vitatu.

Mwingine akaleta hoja ya wawekezaji: wajenge, serikali ilipe kidogokidogo. Niliwahi kufanya kazi kwenye shule ya mkataba wa namna hiyo huku. Kutundika ubao wa matangazo tuliomba ruhusa ya kampuni, tukasubiri wiki tatu, na bili ikaja. Jengo lilikuwa safi, hilo siwanyimi, lakini mkataba ulikuwa na miaka mingi mbele. Halmashauri zetu zinazohangaika na mapato ya ndani, sijui zingeulipa kwa nini. Kwa viazi?

Ninachokiomba ni kidogo. Kila chumba kipya kinapokabidhiwa, halmashauri itenge fungu lake la matunzo kwenye bajeti ya mwaka unaofuata, lisomwe mbele ya mkutano wa kijiji kama yanavyosomwa mapato na matumizi. Na kamati ya shule iwe na daftari la majengo: jengo lipi, la mwaka gani, lilizibwa lini. Daftari la kaunta linatosha.

Kura ya kundi nimeshindwa, chumba kipya kinajengwa, nami nimechangia. Pembeni tumebaki saba tunaoshughulikia paa la wazee. Mweka hazina ameniuliza juzi kwenye kibao chetu tuandikwe nini. Nimemwambia hela ya kibao anunue misumari ya bati, na aanze na pale juu ya dawati la tatu.