Meno ya wazee: sifa tunazokipa kijiti na zile zinazostahili kwenda kwenye chakula

Ukizungumzia meno Mufindi au Njombe, hoja haichelewi kuja: wazee walisugua kwa kijiti wakazeeka na magego yao, sisi tuna dawa ya povu na bado tunang'oa. Hoja hiyo ina ukweli, ila sifa imepewa asiyestahili yote.

Mti wa mswaki, unaokatwa kijiti hicho, hupenda nchi kavu yenye joto, kama bonde la Ruaha, si Makete kwenye baridi. Kata kipande kibichi chenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Menya gome kiasi cha sentimita 1 nchani, kisha tafuna mpaka nyuzi zichambuke. Sugua kutoka kwenye ufizi kwenda ncha ya jino, jino moja moja. Kesho yake kata sehemu iliyotumika, chambua nyingine. Kikikauka huchoma ufizi, hivyo kiloweke kwanza. Mti huu una kemikali zinazopunguza bakteria, na kwa kuondoa ukoga unaweza kulingana na brashi. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake tangu miaka ya 1980.

Lakini mkono ukikosea, faida inapotea. Nyuzi za kijiti hufuata urefu wake, hazisimami kama za brashi, kwa hiyo upande wa ulimi na nyuma ya magego hubaki na ukoga. Anayesugua kwa nguvu, mlalo, husukuma ufizi hadi mzizi wa jino uonekane. Wasio na mti huu wasichume wowote: wenye utomvu mweupe kama mnyaa huunguza kinywa. Mkaa na majivu navyo hung'arisha kwa kukwangua, na enameli, tabaka gumu la nje la jino, ikishalika haioti tena.

Brashi nayo si ya jana. Wachina walitumia manyoya ya nguruwe karne nyingi zilizopita. William Addis alianza kuzitengeneza Uingereza mnamo 1780. Nailoni ikaja 1938. Kwa kusugua tu, sioni kilichoongezeka sana. Mabadiliko makubwa yalikuwa floraidi, madini ya kulinda meno, iliyoingia sokoni Marekani ndani ya dawa ya meno mwaka 1956. Huyarudishia meno madini yaliyoliwa na asidi kabla tundu halijafunguka. Kijiti hakina floraidi ya kutosha kufanya kazi hiyo.

Na wa kale waliooza meno walikuwepo. Fuvu lililochimbuliwa Kabwe, Zambia, mwaka 1921, lenye umri wa takriban miaka 300,000, lina matundu kwenye meno 10 ya juu. Bibi wa Iringa aliyebaki na meno yake alilindwa zaidi na ugali, maharage na mboga bila sukari. Mjukuu anayekunywa chai ya vijiko vinne, kisha soda saa nne na pipi njiani, anawapa bakteria chakula kila saa. Kijiti kilekile hakitamwokoa.

Kwangu, basi, kijiti kibaki asubuhi au baada ya mlo kwa anayekipenda. Usiku iwe dawa yenye floraidi, 1,000 hadi 1,500 ppm (sehemu kwa kila milioni) kama inavyoandikwa kwenye tyubu: ukubwa wa punje ya mchele kwa mtoto chini ya miaka 3, wa njegere kwa wa miaka 3 hadi 6. Atakayesugua kwa kijiti anaweza kuipaka hata nchani pake. Tema povu, usisukutue kwa maji.