Achilles alilia

Siku tatu baada ya kumzika kaka yetu, ndugu mmoja alituma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp. Sanamu ya Kigiriki, kifua kipana, uso mkavu, na chini yake maneno: "Mwanaume halii." Mtoto wa marehemu yumo kwenye kundi hilo. Ana miaka 16, na makaburini alilia mpaka akashikwa mabega. Usiku ule sikulala.

Ukitaka kumnyamazisha yatima, usiwasingizie Wagiriki. Hata weupe wa sanamu zile si wao. Walizipaka rangi, miaka ikazifuta.

Fungua Iliad, ule utenzi wa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, wa vitabu 24. Wengi wanautafutia farasi wa mbao, ule wa hila ya kuiteka Troy, na humo hayumo. Kilichomo ni msiba. Wagiriki wanauzingira mji wa Troy. Hector wa Troy anamuua Patroclus, mwandani wa Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki. Achilles anamuua Hector, anamfunga nyuma ya gari lake la farasi na kumburura siku baada ya siku. Ndipo Priam, mfalme mzee wa Troy, anapoingia usiku kambini kwa adui kumfuata mwanawe. Anashika magoti ya Achilles, anaibusu mikono ileile iliyowaua wanawe, anamwambia amkumbuke baba yake. Wanalia wote wawili: mzee anamlilia Hector, Achilles anamlilia baba yake, mara Patroclus, na kilio kinaijaza nyumba.

Kisha Achilles anaagiza maiti ioshwe na kupakwa mafuta, kando, baba asiione vile ilivyo. Anainyanyua kwa mikono yake mwenyewe. Anamuuliza mzee anahitaji siku ngapi za kuzika, na vita vinasimama siku 11. Aliyewahi kukesha matangani hahitaji mwalimu hapa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba picha ile ina mtetezi mmoja mkubwa. Mwanafalsafa Plato wa Athens, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, alitaka vilio vya mashujaa vifutwe kwenye mashairi, na Achilles alimtaja kwa jina. Hakutaka vijana walinzi wa mji wake wa kufikirika wazoee kulialia. Namheshimu Plato, lakini hapa alikosea vibaya. Achilles alikuwa akilia tangu mwanzo, peke yake, usiku, akijigeuzageuza kitandani. Kukipambazuka anakwenda kuburura maiti. Kilio cha upweke hakikumlainisha. Alilainika alipolia mbele ya mtu, tena mtu mwenye msiba kama wake. Hicho ndicho tunachomnyima kijana tunapomwambia akalie chumbani.

Wala si Homer peke yake. Aeschylus, mtunzi wa tamthilia wa Athens, alipigana na Waajemi kule Marathon. Mwaka 472 KK, miaka 8 tu baada ya Wagiriki kuwashinda Waajemi baharini kule Salamis, akawaweka jukwaani Waajemi haohao wakiwalilia vijana wao, na Athens ikampa tuzo ya kwanza. Sisemi walikuwa malaika. Mwaka 416 KK Waathene hao waliwaua wanaume wa kisiwa cha Melos, wakawatia utumwani wake na watoto. Lakini machozi hawakuyaonea aibu.

Jana nilimpigia kijana simu nikamsomea habari ya Priam. Alikaa kimya, kisha akauliza kama Hector aliacha mtoto. Nikamwambia ndiyo, mchanga. Siku moja aliiogopa kofia ya chuma ya baba yake, akapiga kelele akilia. Hector akacheka, akaivua, akaiweka chini, akambeba na kumbusu.