Saa moja asubuhi, giza totoro

Kwetu Tanga jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili na kuzama kwenye saa kumi na mbili, na tofauti ya mwaka mzima haifiki saa nzima. Mchana ukianza unaanza kuhesabu, basi. Hapa Edinburgh, Uskoti, mwishoni mwa Desemba, jua hutoka saa tatu kasorobo na kabla ya saa kumi limeshazama. Juni, Magharibi inaingia saa nne usiku! Swala imeng'ang'ania jua lake popote ilipo. Saa yetu imeliacha: tunapigiana simu, "tuonane saa moja asubuhi", na nje hata barabara huioni.

Nayaleta haya kwa sababu ya ubishi wa siku hizi kuhusu akili mnemba: je, inaelewa inachosema? Mwaka 1990 Stevan Harnad, mtafiti wa sayansi ya utambuzi, alitoa mfano wa mtu anayejifunza Kichina kwa kamusi ya Kichina kwa Kichina tu. Atatoka alama hii kwenda ile, hatatua popote. Lazima baadhi ya alama zishikizwe kwenye vitu tunavyoviona na kuvigusa. Wengi huishia hapo: mashine haina macho, kwa hiyo haijui kitu.

Mimi naona hoja hiyo haimtoshi mtu aliyehama. Saa moja yangu haina jua tena, lakini maana yake imezidi ukali. Ni basi la kwanza, ni zamu, ni msimamizi anayekata mshahara kwa dakika chache. Nyumbani nilikuwa nasahihishwa na jua. Huku nasahihishwa na watu. Hata Luc Steels, mtafiti wa akili mnemba, katika majaribio yake ya 1999, hakuzipa programu zake kamera pekee ya kutazama maumbo ya rangi. Alizichezesha mchezo wa kukisia, moja inataja umbo na nyingine inakisia ni lipi, ikikosea inarekebishwa, mpaka zikaafikiana majina.

Ukiiuliza mashine saa moja asubuhi ni saa ngapi kwa saa za Kizungu, itajibu saba, sawasawa kabisa. Imeokota kwenye maandishi yetu sisi tuliowahi au kuchelewa. Yenyewe haina basi la kulikosa wala mshahara wa kukatwa. Kamera unaweza kuifungia kesho. Hasara ya kuchelewa utaifungia wapi?