Mama Chapo Kaingia Kwenye Shairi

Kwanza kabisa: kwenye sherehe ya ndoa ya Mwalimu sikufukuzwa kwa bakora. Bakora ilikuwepo, na iliinuliwa, lakini Mwalimu alikuwa anaitumia kusimama tu. Hayo mengine ya kuruka ua na kuacha kiatu kimoja ni ya rafiki yangu Fundi, aliyeyaweka kwenye status yake Jumamosi usiku kabla hata hajafuta mafuta ya kuku midomoni.

Basi chukueni toleo la mwenyewe kabla lile halijafika Kakamega.

Mnajua nina studio. Nimesema msicheke. Chumba kimoja Nyalenda, hapa Kisumu: kitanda, meza, kadi ya sauti ya kuunganisha maiki na kompyuta, yenye matundu mawili, na maiki ambayo jina lake ni la chapa maarufu, Shure, isipokuwa herufi moja iliyopotea njia. Mwezi uliopita nilijikuta na shilingi 15,000, hela za kwanza kukaa mfukoni mwangu wiki nzima bila kugombana. Swali likawa moja: ninunue maiki au priampu, kile kisanduku cha kukuza sauti ya maiki?

Nilisoma usiku na mchana. Nikakuta kwamba Shure SM7B, ile ya wenye podikasti, hutoa sauti ndogo mno, inataka geini, yaani kukuzwa, ya kama desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha sauti) ndipo iamke, na kadi nyingi za bei ya chini zikisukumwa hadi hapo huanza kulia shhh kama sufuria ya chai. Nikaamua: nahitaji priampu. Sina SM7B. Sijawahi hata kuigusa. Lakini shida zake nilizibeba kama za ndugu yangu.

Maiki ya kondensa niliikataa kwa sababu ya busara kabisa, na hapa naomba mnikumbuke baadaye: nilisema inasikia mno. Itanasa tuktuk, itanasa ndege kwarara wakipita alfajiri na kelele zao za kudai urithi, itanasa watu wa nyumba ya pili.

Fundi, ambaye hutengeneza simu Kondele na hajawahi kurekodi hata kikohozi, akaniambia, "Omera, nunua blanketi mbili nzito, utundike, halafu umsogeze mtu karibu na maiki. Chenji tule samaki." Nikamwonea huruma. Priampu niliyoionyeshwa ilikuwa na kifundo kikubwa kama kizibo cha soda na mshale unaocheza ndani ya taa ya manjano. Blanketi ina taa? Nikatoa 11,500.

Mteja wa kwanza akawa Mwalimu. Mwalimu mstaafu, Kiswahili, aliyetufundisha ngeli nusu ya mtaa huu, nami nikiwemo ingawa alama zangu hazishuhudii. Alitimiza miaka 40 ya ndoa, na alikuwa amemtungia mkewe shairi la beti 12, kila mshororo mizani 16, vina vimenyooka kama mistari ya kwaya. Kifua chake siku hizi hakina pumzi ya kushindana na hema lililojaa watu, kwa hiyo alitaka lirekodiwe, lipigwe kwenye spika yeye akiwa ameketi kando ya mama.

Nikamwomba asogee kwenye maiki. Akaniangalia kwa juu ya miwani. "Kijana wangu, mimi si mtu wa kulamba vyuma." Sikubishana. Nilikuwa na priampu.

Hesabu yake naijua, ndiyo maana inauma. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inayomfikia maiki moja kwa moja inapungua desibeli 6. Toka sentimita 5 mpaka 10, mpaka 20, mpaka 40 alipoketi Mwalimu, desibeli 18 zimeliwa na hewa. Mimi nikazirudisha zote kwa kuzungusha kifundo, mshale ukacheza vizuri, moyo ukatulia. Ila kifundo hakimfahamu Mwalimu. Kikimwinua yeye kinainua na feni, na kuku wa jirani, na kijana aliyekaa kitandani nyuma yake akiutazama uso wa maiki ana kwa ana. Huyo kijana ni mimi.

Tulipofika ubeti wa saba, Fundi akachungulia mlangoni. Akanionyesha kwa vidole: mkono mdomoni, kisha kiganja juu. Yaani leo tunakula kwa nani? Nikangoja Mwalimu anyamaze. Na Mwalimu hunyamaza sana baada ya swali; darasani alikuwa hivyo hivyo, anauliza, anasubiri mkono uinuke. Alipotulia, nikanong'ona maneno yangu manne matano, Fundi akaondoka. Mambo yakaendelea.

Jioni mvua ya Kisumu ikashuka juu ya mabati, ile inayokufanya uongee na mtu wa pembeni kwa ishara. Ndani ya kelele hizo, na hedifoni ya sikio moja, mimi ndio nasawazisha sauti. Nikatupia kompresa: ikakandamiza palipo juu, nami nikapandisha kazi nzima hadi iwe nene kama ya redio. Pale palipokuwa chini pakapanda pia. Sikusikia. Nikatuma, nikalala kama mtoto aliyenyonya.

Jumamosi, Manyatta, hema limejaa. Mke wa Mwalimu amevaa kitenge cha zambarau. Mkono wa Mwalimu uko juu ya mkono wake. Nyuma ya masufuria, na hili ndilo sikulifikiria kabisa, aliyepewa kazi ya chapati ni Mama Chapo.

DJ akabonyeza. Spika nne. Na kazi ilitoka vizuri, wallahi! Ubeti wa pili wazee wanatikisa vichwa. Wa nne, shangazi mmoja anatafuta leso. Wa sita, mimi mwenyewe nimekunja mikono kama bosi, nawaangalia watu wanaoniangalia.

Ubeti wa saba.

"Ewe mke wa ujana, mwanga wa nyumba ya giza..."

Mama akainamisha kichwa kwa haya.

"Ni nani wa kunifaa, nikiishiwa na nguvu?"

Kimya. Kile kimya chake. Feni yangu ikasikika, fuuu, nikafikiri ni upepo wa ziwa. Kuku akasema neno moja. Bado nilikuwa natabasamu. Kisha kutoka spika zote nne, kwa uzito ambao hata radi ya ile mvua haikuwa nao, mnong'ono:

"Mama Chapo. Mwambie nitampitia jioni."

Sasa hapa niwaeleze kitu. Mnong'ono hauna mwenyewe. Nyuzi za koo hazitetemeki, ni hewa tu inapita, kwa hiyo mimi nikinong'ona na Mwalimu akinong'ona, hata mama mzazi anaweza kubabaika. Hema zima lilikuwa limemsikia Mwalimu akiuliza swali, na Mwalimu akijijibu.

Mkono wa zambarau ukatoka chini ya mkono wa Mwalimu. Polepole. Kidole kimoja kimoja. Vichwa mia vikageuka kuelekea masufuria, na huko Mama Chapo amesimama na chapati imening'inia kwenye mwiko, haianguki wala hairudi. DJ hakuzima, mjinga yule, kwa hiyo ubeti wa nane ukaingia na Mwalimu anaahidi uaminifu mpaka kaburini. Mwalimu mwenyewe, aliye hai, alikuwa anatafuta bakora yake chini ya kiti.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. Jamani, fikirieni mlivyoelewa nyinyi. Ndivyo walivyoelewa.

Ikabidi nieleze mbele ya watu kwamba nadaiwa chapati. Tarehe, idadi, maharagwe. Mama Chapo akauliza kwa sauti, "Kwani unakumbuka ngapi?" Nikasema shilingi 240. Akasema 310, akatoa daftari, mzee wa kanisa akasoma. Nililipa pale pale, wageni wakapiga makofi, salio langu la kumrekodi Mwalimu sikulidai. Ndiyo hivyo.

Jana asubuhi namba ngeni ikapiga. Mke wa Mwalimu. Nikasimama wima chumbani peke yangu. Anataka shairi kwenye simu yake. Nikamwambia, mama, nipe saa moja tu niirekebishe, nitatoa ile sehemu, hutasikia kitu.

"Ukiitoa," akasema, "sikulipi." Nyuma yake nikamsikia Mwalimu akilalamika kwa mbali, hata simu yake ndogo ilimnasa vizuri kuliko maiki yangu. "Miaka 40 huyu mtu hajawahi kukosa jibu," mama akaendelea. "Nataka niwe naicheza kila akianza."