Ramani ya Tanga, Baridi ya Njombe

Mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa mahali ambapo shuka hutumika kwa ajili ya heshima tu, na kwa makosa yangu mwenyewe nimejenga nyumba Njombe. Sisemi kwamba Njombe ni mahali pabaya, kwa kuwa viazi vyake ni vitamu, parachichi zake hazina mfano, na watu wake hukuamkia "kamwene" hata kama hawakufahamu. Ninachosema ni kwamba mji ulio takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari haukukusudiwa kukaliwa na mtu aliyeazimwa ramani ya nyumba na kaka yake wa Tanga. Ramani yenyewe ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na madirisha sita mapana yaliyoelekeana, ili upepo wa bahari uingie huku na kutokea kule. Ilikuwa na matofali ya matundu juu ya kila mlango. Na haikuwa na dari, kwa sababu kaka alisema dari inafuga joto. Nilimwamini. Leo, kila ufikapo mwezi wa Juni, upepo unaingia huku na kutokea kule kama ulivyoelekezwa, isipokuwa si wa bahari.

Mwaka wa kwanza nilinunua hita ya mtumba sokoni. Muuzaji aliniapia kwamba haili umeme, na kweli haikuula, bali iliubugia. Ubavuni mwake palikuwa na maandishi madogo ya wati 2,000, ambayo kwa mtu asiyependa hesabu ni urembo tu, lakini mimi nilikuja kuyaelewa nikiwa nimesimama mbele ya mita ya LUKU na blanketi mabegani: kila saa moja inayopita hita ikiwaka, uniti mbili zimekwenda. Nyumba yetu imo katika daraja la matumizi madogo, ambamo uniti 75 za kwanza za mwezi huuzwa kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na ukishazivuka, uniti ya 76 inaruka hadi shilingi 350. Sisi tuliiwasha hita kwa muda wa saa tatu kila usiku, kuanzia taarifa ya habari hadi watoto walale, yaani uniti sita. Gawanya mwenyewe. Siku ya kumi na tatu ya mwezi hita peke yake ilikuwa imekwisha kula mgao wote wa bei nafuu, nasi tulikuwa bado tuna taa za kuwasha, sare za shule za kupiga pasi na siku kumi na saba za baridi mbele yetu.

Nikageuka kuwa mlinzi wa mita. Kile kitaa chekundu, ambacho mchana hukonyeza taratibu kama mtu mwenye usingizi, kilikuwa kikikonyeza kwa kasi hita ilipowaka, nami nilisadiki kwamba kinanicheka. Usiku mmoja mama watoto alinikuta pale, akaniuliza ninasubiri nini. Nilimjibu kwamba ninahesabu.

"Baba, kahesabie kitandani," akasema. "Umeacha mlango wazi, na joto ulilolinunua linakwenda zake."

Ndipo nilipoamua kuyaziba matundu yote. Niliyasokota magazeti ya miezi minne, nikayapachika katika kila tundu la kila tofali, nikaweka gunia chini ya mlango wa nyuma, nikapiga misumari mazulia mabovu kwenye madirisha mawili, na nilipomaliza nilijisifu kwa sauti. Sifa hiyo nitairudia baadaye, kwa kuwa ilinigharimu.

Katikati ya mapambano hayo mama mkwe alitutembelea akitokea Pangani, akiwa na khanga mbili na ujasiri wa mtu asiyejua aendako. Usiku wa kwanza tu aliagiza jiko la mkaa liingizwe chumbani, akifafanua kwamba likishaiva na moshi ukakatika, halina madhara. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nilimpinga mama mkwe, wala sikumpinga kwa ushujaa bali kwa hofu, kwa sababu mkaa ulioiva vizuri bado unatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika nyumba ambayo mkwe wake amekwisha kuziba kila tundu kwa magazeti tungelala wote tusiamke. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Haya, baba, wewe ndiye mwenye nyumba. Tuote wapi?"

Tukaota barazani. Tulikaa watu saba na mablanketi, tumelizunguka jiko moja, tukiipasha joto wilaya nzima ya Njombe kwa gunia la mkaa nililolinunua mimi. Mama mkwe aliondoka siku ya tatu, na hadi leo akipiga simu huanza kwa kuuliza kama bado tupo hai.

Asubuhi moja ya Julai tone la maji liliniangukia katikati ya paji la uso nikiwa kitandani. Nilitoka nje kutazama mvua. Hapakuwa na mvua, wala wingu la kusingiziwa. Nikamwita fundi wa bati, akapanda juu, akakaa huko kwa muda wa kutosha kumaliza chapati mbili, akashuka na kuniambia, "Bosi, misumari imelegea," kisha akaziba kichwa cha kila msumari kwa silikoni na kunitoza shilingi elfu sitini. Kesho yake nilipigwa na matone mawili. Nilimpigia simu, naye akasema huenda bati lenyewe limechoka, na akanitajia bei ya bati jipya kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

Aliyeniokoa na bati jipya ni mzee jirani, mtu aliyezaliwa hapahapa. Aliingia sebuleni, akaitazama kamba ya nguo niliyoivusha kutoka dirishani hadi kabatini kwa sababu nguo za nje hazikauki, akalisikia sufuria la maharage likitokota jikoni bila kifuniko tangu asubuhi, akayatazama magazeti yangu katika matundu, halafu akainua macho darini, yaani pale ambapo dari ingekuwapo.

"Mwanangu," akasema, "hiyo mvua ni yenu wenyewe."

Alinieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba hewa yenye joto hubeba maji, na ikipanda usiku na kuligusa bati lililopoa huyatema. Watu sita tunapumua usiku kucha, maharage yanapumua, nguo zinapumua, na mimi nimefunga milango yote ya kutokea. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimemlipa fundi elfu sitini ili aizuie mvua ya nje isichanganyike na ya ndani.

Na kama hilo halikutosha, nilivuta kabati la chumbani, lililoegemea ukuta wa kusini ambao jua la kipupwe haliugusi, kwa kuwa miezi hii jua huku kwetu hupita upande wa kaskazini. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi tangu sakafuni hadi kiunoni, na ndani yake suti yangu ya harusi ilikuwa imeota manyoya ya kijani, laini, yenye afya kuliko nywele zangu. Weusi wa chini ya ukuta ulikuwa na sababu yake nyingine, nayo ni kwamba nailoni ambayo mafundi hutandaza juu ya msingi kabla ya kupanga tofali la kwanza, ili unyevu wa ardhini usipande ukutani, niliifuta katika bajeti nikidhani ni mbinu ya fundi ya kujipatia nauli. Lugha yetu hutumia neno ukungu kwa kile kinachoficha vilima asubuhi, na neno hilohilo kwa kile kinachoota ukutani. Zamani niliona huo ni uhaba wa maneno. Siku hizi naamini kwamba aliyeliweka neno hilo alikuwa amejenga kwa ramani ya kaka yangu.

Nilikwenda kuitazama nyumba ya mzee, na nilirudi na wivu. Kuta zake ni za tofali nene la udongo, madirisha yake ni madogo, na yaliyo makubwa kidogo yanatazama kaskazini, na juu ana dari ya mbao iliyobanana. Hana hita, hana hata nia ya hita. Jua likishatoka hufungua kila kitu, unyevu ukatoka, na kabla ya saa kumi jioni huwa amefunga. Sufuria zake zina vifuniko. Nguo hukaukia chini ya paa la nje. Na akienda kulala huchukua chupa ya maji ya moto na mzula wake, kwa maana, anasema, anayeona baridi ni yeye, si chumba.

Nilirudi nikayang'oa magazeti ya juu, nikafuta ukuta kwa dawa ya klorini, na nikaanza habari ya dari. Fedha zilitosha chumba kimoja. Kwa kuwa Njombe ni mji wa mbao na maranda yanatupwa, niliona busara kumwaga magunia manane ya maranda juu ya dari hiyo ili yazuie joto lisipande. Fundi wa umeme alipochungulia na kuona nyaya zangu zimelala humo, alishuka ngazi haraka kuliko alivyopanda. "Bosi, umejijengea jiko," akasema. Nikayatoa magunia yote manane, lakini panya waliokwisha kuhamia walikataa kuondoka, na siwalaumu, kwa sababu walikuwa wakazi pekee wa nyumba yangu waliowahi kupata joto.

Sasa tunalala sote sita katika chumba chenye dari, na vyumba vilivyobaki vinatumika kama jokofu. Uniti zinatutosha hadi mwisho wa mwezi. Hita niliirudisha sokoni, na Mungu anisamehe, nilimwapia mnunuzi kwamba haili umeme.

Juzi kaka alipiga simu kutoka Tanga, akalalamika kwanza kwamba feni zinammalizia LUKU, kisha akaniomba nimrudishie ile ramani, kwa kuwa kuna rafiki yake anayehamia Mufindi na ameipenda sana. Nilimjibu kwamba haitawezekana, ramani imeliwa na ukungu.

Akaniuliza, "Ukungu upi?"